Namna ya kutazama pambano la muvi ya zamani ya kung fu mpaka ulielewe: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Kila mara mtu akiomba orodha ya muvi kali za zamani za Kichina anapewa, anashusha, afu baada ya siku mbili anarudi kusema mbona za kawaida tu, ngumi zinapita pembeni, watu wanaongea sana, mwanzo unachosha, yeye karuka mpaka kwenye mapigano na bado hajaona cha ajabu. Wanaokwama ni wengi na wanakwama sehemu zilezile, ndo maana nimeona niandike jambo moja moja.

Historia ya studio na nani alianza lini hutaikuta hapa. Kazi ni moja: chukua pambano moja, na ukimaliza uweze kumweleza mtu mwingine limejengwaje, kila mmoja alikuwa anataka nini, liligeuka wapi, na kwa nini limepigwa picha vile. Ukiweza kwa moja, mengine utayaona mwenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Muvi nne: The Way of the Dragon (1972), Drunken Master (1978), Come Drink with Me (1966) na Dirty Ho (1979). Usiongeze nyingine kwa sasa. Kila moja ni kati ya saa moja na nusu na saa mbili.
- Kompyuta yenye programu ya VLC. Simu inafaa kwa hatua za mwanzo, ila kwenye kusogeza video fremu moja moja (fremu ni picha moja tuli kati ya zile zinazounda video) utahangaika.
- Hedifoni, hata za bei ndogo. Spika za simu hazitoi sauti za ngoma vizuri na ngoma tutazihitaji sana.
- Daftari na kalamu. Andika kwa mkono, maana ukianza kufungua simu uandike utajikuta unajibu meseji.

Hatua ya 1: Hakikisha kopi yako haijakatwa pembeni

Hapa ndo wengi wanapoanguka kabla hata hawajaanza. Muvi hizi zilipigwa kwa skrini pana sana, upana ni mara 2.35 ya urefu wa kwenda juu. Zamani zilipohamishiwa kwenye kaseti za TV za mraba walikata pembeni ili picha ijae, na ukipiga hesabu hapo karibu asilimia 43 ya picha inatupwa. Hata ile iliyojazwa kwenye TV za siku hizi inapoteza kama asilimia 24.

Sasa fikiria pambano la watu wawili, mmoja kasimama kushoto mwisho mwingine kulia mwisho. Kwenye kopi iliyokatwa unaona mkono unatokea hewani unampiga mtu. Halafu unasema muvi mbovu! Aliyeipanga hiyo shoti (kipande cha picha kabla hakijakatwa kwenda kingine) alitaka uone umbali uliopo kati yao, na umbali ndo pambano lenyewe.

Namna ya kupima: usiangalie majina ya mwanzo, maana kopi nyingi zilizokatwa huwa zinaacha majina yakiwa kamili afu zinakata yakishaisha. Nenda dakika ya kumi, tafuta sehemu watu wawili wanaongea. Ukiona pua moja inaingia kutoka pembeni, au kamera inateleza kwa ghafla kumfuata anayeongea, hiyo imekatwa. Ukiona watu wote wembamba na warefu kama waliovutwa juu, hiyo imebanwa, na hii inarekebishika: kwenye VLC bonyeza herufi A mara kadhaa mpaka uwiano ukae sawa.

Muvi za Shaw Brothers, studio kubwa ya Hong Kong enzi hizo, zilisafishwa upya na Celestial Pictures kuanzia miaka ya 2000, kwahiyo Come Drink with Me na Dirty Ho kopi nzuri za kulipia zipo. Tafuta hizo. Kopi ya bure yenye ukungu itakuchosha macho afu lawama utawapa waigizaji.

Onyo kwa wa simu: usivute picha kwa vidole ovyo ili ijae. Kama mistari myeusi ya juu na chini imo ndani ya video yenyewe, kwenye simu ndefu za sasa ukivuta hupotezi kitu. Lakini kama picha tayari inagusa pembeni zote mbili za skrini na wewe unaendelea kuvuta, unaikata mwenyewe.

Utajua umefaulu pale utakapoona mtu mzima kuanzia kisigino mpaka kichwa, na mwenzake mzima, na nafasi kati yao, vyote ndani ya picha moja.

Hatua ya 2: Zima ulainishaji wa picha kwenye TV

Fupi hii. TV nyingi mpya zina kitu kinachotengeneza fremu za ziada ili mwendo uonekane laini. Kwenye Samsung kinaitwa Auto Motion Plus, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Zima kabisa. Muvi hizi ni fremu 24 kwa sekunde, na wapangaji wa mapigano walikuwa wanapanga kila pigo wakijua kuna fremu ngapi. TV ikiongeza za kwake, ngumi zinakuwa kama zinaelea na pigo linakosa uzito.

Hatua ya 3: Chagua saundi sahihi

Kwa sisi tuliokulia vibanda vya video, sauti ya Lufufu kule Tanzania au DJ Afro kwa ndugu zetu wa Kenya ndo ilikuwa nusu ya muvi, na ile ni sanaa inayojitegemea, namheshimu sana mtu anayeweza kushika ukumbi mzima kwa mdomo wake tu. Lakini kwa kazi hii weka pembeni kopi zilizotafsiriwa juu. Sauti ya mtafsiri inafunika ngoma, upatu na matoazi, na huko ndani kuna habari unayoihitaji kwenye hatua ya 7.

Chukua saundi ya Kichina yenye maandishi ya tafsiri chini. Za Shaw ni Kimandarini. Ukikuta kuna chaguo la mono (saundi ya chaneli moja) na chaguo la saundi mpya ya spika nyingi, chukua mono, maana baadhi ya zile mpya zimeongezewa milio ambayo haikuwepo.

Usishangae midomo ikipishana na maneno hata kwenye Kichina. Enzi hizo Hong Kong walipiga picha bila kurekodi sauti, maneno na milio yote viliwekwa baadaye studio. Kwahiyo kupishana kidogo ndo kawaida yake, faili lako ni zima. Ila ikipishana mpaka pigo linasikika baada ya mtu kuanguka, hapo ni kopi, bonyeza J au K kwenye VLC kusogeza sauti. Maandishi yakichelewa ni G na H.

Hatua ya 4: Tazama muvi nzima mara moja bila kuruka

Najua hapa mtanuna. Kila mtu anataka aende kwenye mapigano. Lakini anza na Drunken Master, nitakwambia kwa nini.

Kijana anayechezwa na Jackie Chan anafundishwa mtindo wa walevi wanane, kila mlevi na namna yake. Mmoja kati ya hao wanane ni mwanamke, Miss Ho, na dogo anamdharau, anaona ya kike hii, hajifunzi vizuri. Mwisho anapokutana na muuaji wa kukodiwa, Thunderleg, anatumia mitindo yote aliyojifunza na mingine inaanza kugonga mwamba, anabakiwa na uleule aliouruka. Inabidi aubuni palepale, mbele ya mtu anayetaka kumuua, kwa mzaha na viuno na kujishika nywele, na unamshinda adui kwa sababu haujulikani na mtu yeyote duniani, yeye mwenyewe kautunga sasa hivi.

Aliyeruka mazoezi ataona jamaa anakata mauno afu anashinda. Aliyetazama yote ataona mtoto mvivu analipa deni lake la uvivu na palepale anakuwa mtu mzima. Pambano ni lilelile, dakika ni zilezile.

Kwahiyo simu mbali, tazama yote. Ukiona mazoezi yanarefushwa, kaa hapo na uandike kwenye daftari ni kiungo kipi kinafundishwa, mkono, kiuno, macho, mguu. Mara nyingi kitu kilichofundishwa kwa tabu kwenye mazoezi kitarudi kwenye pambano la mwisho, wakati mwingine kwa sekunde moja tu.

Umefaulu kama kabla pambano la mwisho halijaanza unaweza kutaja udhaifu mmoja wa stelingi na uwezo mmoja wa adui. Huwezi kutaja? Rudia nusu ya pili.

Hatua ya 5: Gawanya pambano kwa vituo

Sasa The Way of the Dragon, pambano la Colosseum kule Roma, Bruce Lee na Chuck Norris. Nimelichagua kwa sababu karibu kila mtu amewahi kuliona, afu Lee mwenyewe ndo aliyeandika, akaongoza, akapanga na mapigano. Wanapigana bila maongezi, kila kitu kinasemwa na mwili.

Tazama ukiwa na daftari, kila hali inapobadilika simamisha, andika dakika na neno moja. Utapata kitu kama hiki:

Kwanza, wanajiandaa. Kila mmoja ananyoosha viungo na mwenzake anamsubiri amalize, hakuna anayevamia. Andika "heshima". Watu wengi wanaruka hapa wakidhani ni kupoteza muda, na hapa ndo umeambiwa hii ni mechi ya mabingwa wawili, ugomvi wa mtaani haufanani hivi. Paka mdogo yupo pale anatazama.

Pili, Lee anachapwa. Kabisa. Anaangushwa chini. Anapigana kwa miguu iliyokita chini na Norris mzito na mrefu anampata.

Tatu, Lee anabadilika. Anaanza kurukaruka, miguu haitulii, mikono inalegea. Ngumi za Norris zinaanza kupita hewani na baadhi zinaonyeshwa kwa mwendo wa pole ili uone zimekosa kwa kiasi gani. Simamisha hapa, rudisha, tazama tena miguu ya Lee kabla na baada. Mabadiliko yote ya muvi hii yapo kwenye ile miguu.

Nne, Norris anajaribu kurukaruka kama yeye, na anashindwa. Ni sekunde chache tu na watu wanaipita! Bingwa kaona mwenzake kapata jibu, anajaribu kuliiga, mwili wake haujalizoea. Kwangu hiki ndo kipande kizuri kuliko vyote kwenye lile pambano.

Tano, Lee anamvunja mguu na mkono, halafu anamtikisia kichwa, yaani basi, usiendelee. Norris anaendelea. Lee anamuua, afu anamfunika kwa nguo yake na mkanda wake.

Ukishapata vituo jiulize swali moja kwa kila kituo: huyu anataka nini sasa hivi? Kumpima mwenzake, kumuumiza, kumwonya, kukimbia, kulinda jina? Jibu likibadilika, ni kituo kipya. Likibaki lilelile ujue umegawanya vipande vingi mno, unganisha.

Umefaulu ukiwa na vituo vinne mpaka saba. Ukipata ishirini umekuwa unahesabu ngumi.

Hatua ya 6: Zima sauti, tazama miguu peke yake

Rudia pambano lilelile bila sauti. Kwenye VLC punguza kasi kwa kubonyeza alama ya [ na kurudisha bonyeza =. Usiangalie mikono hata kidogo. Mikono ndo inayokuvutia macho, na mpangaji anajua hilo, lakini uzito wa mtu upo miguuni.

Angalia vitu vitatu. Nani anasogea mbele na nani anarudi nyuma, maana anayerudi anashindwa hata kama ndo anayerusha ngumi nyingi. Kisigino cha nyuma kinakanyaga au kinanyanyuka. Na wakati pigo linafika, je mwili wa aliyepigwa unaitikia kuanzia nyonga au kichwa tu ndo kinageuka? Nyonga ikiitikia, pigo linaonekana zito hata kama halikugusa. Kazi ya kupokea pigo ni ngumu kuliko ya kulirusha, na wale wanaoangushwa huwa hawapewi sifa yao.

Hapa pia unaweza kujua kasi imeongezwa au la. Walikuwa na njia ya kupiga picha kwa fremu pungufu, mfano 22 au 20 kwa sekunde badala ya 24, ikionyeshwa kawaida watu wanakuwa wepesi zaidi. Usiangalie mikono kulijua hilo, angalia nguo, vumbi na nywele. Pindo la kanzu likianguka haraka kuliko kawaida, kasi imeongezwa. Hiyo ni mbinu kama mbinu nyingine, jiulize tu imewekwa wapi na kwa nini pale.

Hatua ya 7: Funga macho, sikiliza

Geuza sasa. Hedifoni masikioni, macho umefunga, sikiliza pambano zima. Tumia Come Drink with Me kwa hatua hii.

Utasikia ngoma, upatu na matoazi za opera ya Peking, yaani maigizo ya jadi ya Kichina yenye kuimba na sarakasi. Han Yingjie aliyepanga mapigano ya hiyo muvi alitoka kwenye hiyo opera, na mwongozaji King Hu aliipenda mno. Ndo maana mapigano yake yana mapigo: kimya, mlipuko, kimya. Mtu anasimama tuli kwa mkao, upatu unalia, vinatokea vitu vitano kwa sekunde mbili, anasimama tena. Ni kama ngoma zetu pale mpigaji anapomnyamazia mchezaji ili watu wamtazame alivyosimama.

Gonga meza kwa kidole kila unaposikia kimya kimeingia. Baadaye fungua macho urudie, na ulinganishe. Utashangaa ni mara ngapi kimya kimewekwa mbele ya pigo kubwa, na ukimya huo ndo unaokutisha kuliko pigo.

Onyo: usifanye hatua hii kwa kopi ya Kiingereza, nyingi zimewekewa muziki mwingine kabisa.

Hatua ya 8: Linganisha mikasi miwili

Namaanisha namna ya kukata shoti. Hapa weka Come Drink with Me na Dirty Ho kwa pamoja, maana zinapingana.

Kwenye Come Drink with Me nenda kwenye nyumba ya wageni. Cheng Pei-pei, aliyekuwa amesomea dansi ya bale, amekaa mezani kavaa kiume, majambazi wamemzunguka, wanampima kwa kumrushia vitu na yeye anavimaliza bila hata kunyanyuka. Bonyeza E uende fremu moja moja. Utaona kitu kimerushwa, picha inakatwa, mkono, inakatwa, matokeo. Katikati hakuna kitu! Kile ulichoapa umekiona, ubongo wako ndo umekijaza. King Hu anakupa chanzo na mwisho, mwendo wa katikati anakunyima makusudi, ndo maana mwanamke huyo anaonekana mwepesi kuliko jicho.

Dirty Ho ni kinyume chake. Mwongozaji wake, Lau Kar-leung, anatoka ukoo wa kung fu yenyewe, baba yake alifundishwa na mwanafunzi wa Wong Fei-hung, bingwa maarufu wa kung fu wa zamani, kwahiyo yeye anataka uione mbinu nzima mwanzo mpaka mwisho. Shoti ndefu, mwili mzima, miguu ipo kwenye picha. Kwake ukikatakata unaficha, na yeye hana cha kuficha.

Hesabu shoti kwenye dakika moja ya pambano la kila mmoja, andika. Tofauti itakuonyesha kwa namba kile ulichokuwa unakihisi. Usitafute nani mkali zaidi. Mmoja anakupa mshangao, mwingine anakupa ushahidi.

Hatua ya 9: Jipime na meza ya mvinyo

Huu ndo mtihani. Bado Dirty Ho. Gordon Liu ni mwana wa mfalme anayejifanya mfanyabiashara wa vitu vya thamani, anaalikwa kuonja mvinyo. Mwenyeji na mtumishi wake wanataka kumuua. Ila wote wanataka kuonekana wastaarabu. Kwahiyo wanamiminiana, wanasifia harufu, wanasifia kikombe, na chini ya hayo yote wanapigana, mkono unaosogeza kikombe unakwepa kidole kinacholenga mshipa, mguu unapita chini ya kanzu, tabasamu halitoki usoni.

Tazama mara moja kwa kasi ya kawaida, maandishi ya tafsiri yakiwepo. Halafu zima maandishi, tazama tena. Sasa andika: nani kashambulia kwanza, mara ngapi Gordon Liu angeweza kumaliza na hakumaliza, na ni wakati gani mwenyeji alijua ameshindwa. Jibu la hilo la mwisho lipo usoni mwake, mikono yake haitakwambia.

Ukiyajibu yote matatu kwa kuonyesha dakika, umefaulu. Ukijibu mawili rudia hatua ya 6 kwa hiki kipande.

Kama umekikamata, angalia kipande kingine cha muvi hiyohiyo ambapo Gordon Liu anasimama nyuma ya mwigizaji Kara Hui na kuongoza mikono yake, ili ionekane huyo dada ndo anayempiga Ho, yule mwizi aliyeipa muvi jina. Watu wawili wanacheza mwili mmoja, na dada lazima aonekane anaweza na papo hapo ashangae kuwa anaweza. Jaribu kufanya na rafiki yako sebuleni, polepole, bila kumgusa mtu wa tatu, utajua kazi iliyopo pale.

Ukikwama

Mwanzo unakuchosha: gawanya muvi siku mbili, lakini kata kwenye mazoezi, usikate katikati ya maongezi.

Huwatofautishi watu: waandike kwa nguo na silaha. Muvi hizi huwa zinampa kila mtu rangi yake na silaha yake, ukishika hizo hupotei.

Unaona kamera inavuta mbele kwa ghafla kila mara na inakukera: angalia inavuta kwenda kwenye nini. Mara nyingi ni macho au mkono wa mtu aliyegundua kitu, chukulia ni kituo kipya cha hatua ya 5.

Ukishamaliza zote nne na daftari lina vituo, nenda The 36th Chamber of Shaolin (1978), ambayo sehemu kubwa ya katikati ni mazoezi matupu, afu ndo uingie A Touch of Zen (1971). Hiyo ya mwisho ni ya saa tatu na pambano la kwanza la maana linachelewa karibu saa nzima, kwahiyo usiianze saa nne usiku.